Wankyo, Ulimi wa Mpishi Hamduni

Miaka ile baada ya vita vya Hitla, ungefika Bunda ukamtaja mpishi Hamduni mbele ya mtu yeyote aliyewahi kula kwa meneja wa kinu cha pamba, ungesimuliwa hadi uchoke. Nyama yake ya ng'ombe iliyopikwa kwa divai nyekundu ilikuwa habari ya mji. Wazungu walitoka Musoma kwa gari, wakala vumbi njia nzima, ili tu waje waile. Hamduni mwenyewe hakuwa mtu wa kuona haya kwa sifa. Alizipenda kama paka anavyopenda dagaa, na zilipokuja alizipokea zote, zilizo zake na zisizo zake.

Zisizo zake zilikuwa za Wankyo.

Hamduni alikuwa Mwislamu wa kweli, mzaliwa wa Musoma, mtoto wa seremala wa Kimanyema. Divai haikuwahi kugusa ulimi wake tangu azaliwe, wala hakuwa na nia hiyo. Lakini wageni walipochungulia jikoni, alichota kijiko, akakipandisha hadi karibu na masharubu, akafumba macho kama mtu anayesikiliza habari ya mbali, kisha akakishusha na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Wageni wakaguna kwa heshima. Kumbe hakuonja kitu. Aliyeonja alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha kichwa kilichopauka, aliyekuwa akisugua masufuria nyuma ya jiko, na hakuna mgeni aliyewahi kumtazama mara mbili.

Wankyo alizaliwa Butiama, Mzanaki wa baba na mama. Mama yake alikuwa mtengenezaji wa pombe ya ulezi, na si pombe ya kubahatisha. Mzee akiita watu waje kumlimia, pombe ya mama huyo ndiyo iliyowafanya waje mapema. Na kwao ilikuwa desturi kwamba pombe haifiki kwa wageni kabla aliyeipika hajainywa mbele yao, waone kwamba ni salama. Basi Wankyo alikua akimwona mama yake akisimama katikati ya wanaume na kibuyu, akinywa kwanza, na wazee wakimsubiri kwa adabu. Akajifunza kuonja mapema, kama watoto wengine wanavyojifunza kuchunga mbuzi. Akiwa bado msichana aliweza kusema pombe ilikorogwa na nani, na kwamba ulezi wake ulinyeshewa kabla ya kukaushwa.

Akaolewa hapohapo Butiama, akamzaa Magesa, halafu mume akaenda migodini na kurudi na mke mwingine. Siku ya kumfukuza Wankyo hawakumfukuza kwa siri. Mama mkwe alimtolea vyombo vyake uani mchana kweupe, watu wakiwa wametoka mashambani, akamtangaza kwa sauti kuwa si mtu wao tena. Hakuna aliyefungua mdomo kumtetea. Wankyo alikusanya vyombo, akambeba mtoto, akaondoka. Jambo hilo lilimuuma kwa miaka mingi, na sidhani kama kuna mtu ambaye lisingemuuma.

Bunda alibisha hodi kwenye majiko ya watu. Kila mahali waliuliza yeye ni wa nani, na nani anamdhamini. Hamduni peke yake aliuliza kama anaweza kung'arisha sufuria iliyoungua. Akasema anaweza. Akapewa sufuria, akaing'arisha, na siku hiyohiyo akapata kazi na kibanda cha kulala na mwanawe.

Sasa sikiliza jinsi ile nyama ilivyoanza, maana mwanzo wake ulikuwa aibu tupu. Memsahibu, mke wa meneja, alimwelekeza Hamduni kwa maneno: nyama, vitunguu, karoti, divai chupa nzima, moto mdogo. Hamduni alikubali kila kitu, ila divai ilimkaa rohoni. Akafikiri kwa akili zake kwamba moto husafisha. Akaitia chupa nzima kwenye sufuria peke yake asubuhi alipotoka kuswali, akaichemsha na kuichemsha ili ulevi wote utoke, hadi ikabaki nyeusi na nzito kama lami. Ndipo akatia nyama. Mezani memsahibu alikata kipande kimoja, akatafuna, akaweka kisu chini taratibu.

Sahani ziliporudi, Wankyo alichovya kidole kwenye mchuzi, akalamba. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Baba Shani," akamwita Hamduni kwa jina la mwanawe, "hii kitu umeiua."

"Nimeitoa ulevi," akasema Hamduni, mkali.

"Umeitoa roho. Pombe ukiichemshaga hivi inabakia makapi na uchungu wake. Hata mbwa hatakula."

Hamduni alinuna siku nzima, na kununa kwake si kwa kawaida, hata vikombe vilikuwa vikiwekwa mezani kwa kishindo. Kesho yake akaja na chupa nyingine mbili na kijiko. Akavinyoosha mbele ya Wankyo bila kumtazama usoni. "Haya, mjuzi. Niambie hii ikoje."

Wankyo aliishika ile divai mdomoni, akaisogeza huku na huku, akatazama juu kwenye masizi ya paa. "Hii ina ukakasi," akasema. "Inashikaga ulimi kama ndizi mbichi. Ukiitia kwa nyama, nyama itakunja uso." Akapewa ya chupa ya pili. Akakaa nayo kidogo zaidi. "Hii sasa imelala. Inapita kooni bila kugombana na mtu. Pikia hii."

Tangu siku hiyo, katika jiko lile, divai nzuri iliitwa iliyolala, na hakuna mtaalamu wa vitabu aliyewahi kuipa divai laini jina zuri kama hilo.

Na kupika nayo, Wankyo ndiye aliyefundisha, akifuata alichojua kutoka chungu cha mama yake. Nyama ikaangwe kwanza mpaka ishike rangi, itolewe. Vitunguu vifuate kwa mafuta yaleyale. Divai imwagwe kidogo sufuria ikiwa bado ya moto, ikwangue yale yaliyoganda chini, maana utamu wote umelala pale. Nyama irudi, maji kidogo, divai iliyobaki, kifuniko. Kisha kuni zivutwe nje zibaki makaa, na sufuria ibembelezwe mchana kutwa, wala isichemke kwa hasira. Na kubwa kuliko yote, divai ambayo huwezi kuimeza kwa furaha kwenye kikombe usiipeleke kwenye nyama ukitegemea nyama itairekebisha. Hamduni aliyashika yote. Tumpe haki yake, mkono wake ulikuwa mwepesi na moto ulimtii. Alikuwa na sufuria moja ya kazi hiyo tu na kijiko chake kilichotundikwa peke yake, na akimaliza aliosha mikono hadi sabuni ikaomba msamaha.

Divai yenyewe ilinunuliwa Musoma, kwa Mgoa mmoja aitwaye Leonardi, mwenye duka karibu na gati ambako meli ya Kisumu ilishusha mizigo. Enzi hizo Mwafrika kukutwa na chupa ya divai bila barua ya Mzungu ilikuwa kesi, kwa hiyo barua ya meneja ilitangulia. Hamduni husimama mbele ya kaunta na kanzu yake, anainua chupa kwenye mwanga, anaitingisha, anauliza ilitoka kwa Makaburu au Ulaya. Nyuma, kati ya magunia ya chumvi, Leonardi alimfungulia Wankyo chupa na kumpa kizibo chenye matone. Wankyo akijikuna sikio, Hamduni hutangaza dukani, "Hii nachukua." Akijifunga upya kitambaa cha kichwa, Hamduni husonya, "Hapana, hii bado changa." Wateja walitazamana. Leonardi alijua yote na hakusema lolote, kwa kuwa chupa alizokataa Wankyo hata yeye hakuzipenda.

Miaka ikaenda hivyo, raha mustarehe. Mpaka Magesa alipougua kifua.

Wankyo alimpeleka kwa wamisheni kule kwao Butiama. Mtoto alipona, na mama akabaki kusikiliza nyimbo. Kilichomshika zaidi ya nyimbo ni kwamba pale kila mtu alimwita dada. Watu wa kijiji kilekile kilichomtazama akiokota vyombo uani, leo wanasogea kwenye benchi ili akae. Akaingia darasa la ubatizo. Alitaka abatizwe Butiama, mchana, mbele ya watu walewale waliomwona akifukuzwa, ili wamwone akipokewa. Hakuna kitu kingine alichokitaka duniani kwa nguvu kama hicho.

Kanisa lile lilikuwa kali. Pombe haitakiwi mkononi wala mdomoni. Siku ya kuhojiwa, mzee wa kanisa, Mzee Nyamhanga, alimuuliza kama ameacha pombe.

"Nimeacha kabisa," akasema Wankyo. "Ila kazini naonjaga divai. Kijiko tu."

Watu wakacheka. Nyamhanga hakucheka. "Kijiko au ndoo, dada, mdomo ni uleule. Rudi mwakani."

Angeweza kudanganya, na Bunda ni mbali, nani angejua? Lakini Wankyo hakuwa na ulimi wa namna hiyo. Akarudi mwaka uliofuata, akasema ukweli uleule, akarudishwa tena. Wankyo hakumwambia Hamduni kitu. Alijua mwenzake anautegemea ulimi wake, na yeye alikuwa anamtegemea mwenzake kwa ugali wa mtoto.

Halafu bahati ikamwangukia. Leonardi alipata makreti mengi ya divai moja iliyolala vizuri, wakayachukua yote. Divai ikiwa ileile, hakuna haja ya kuonja. Miezi ikapita Wankyo hajagusa hata tone, na mara ya tatu ya kuhojiwa ikakaribia, Jumapili asubuhi, na ubatizo hapohapo.

Jumamosi ya kuamkia siku hiyo, meneja alikuwa na wageni wa chakula cha mchana. Yeye alikuwa anahamishwa, na mgeni mkuu ndiye meneja mpya, aliyekuja kuitazama nyumba, kinu na watumishi, aamue nani abaki. Hamduni alifungua stoo kuchukua divai. Makreti yalikuwa matupu. Zilikuwepo chupa ngeni za aina tatu, zilizoletwa na lori wiki ile, ambazo hakuna aliyewahi kuzijua.

Alifungua zote tatu, akamnyooshea Wankyo kijiko kama kawaida. Wankyo akakipokea, akakishika hewani bila kukipeleka mdomoni.

"Unaumwa?"

"Siumwi, Baba Shani. Kesho wananihoji Butiama. Kwa ajili ya ubatizo. Nikionja, watanirudisha. Wamenirudishaga mara mbili."

Hamduni alimkodolea macho. "Mara mbili? Kwa ajili ya hii?"

"Si kitu. Wewe ulinipokea wakati hakuna mtu alikuwa ananitaka. Huyu Mzungu mpya asipopenda chakula utakula nini na watoto? Mimi nitangoja tu mwaka mwingine." Akakiinua kijiko.

Hamduni alimpokonya. Divai ikamwagika kwenye aproni yake nyeupe, yeye ambaye tone likimgusa mkono hukimbilia sabuni, na safari hii hata hakuitazama.

"Miaka yote hii umeilinda dini yangu kwa mdomo wako," akasema. "Leo nikufanye uitupe yako kwa ajili ya mchuzi? Mimi ni mtu gani basi?"

Akazinusa chupa. Akanusa tena. Zote zilinuka sawa, kama sanduku la nguo lililofungwa siku nyingi. Wankyo naye akanusa, akasema pua inaweza kutambua iliyoharibika tu, ukakasi haunuki. Nyama ilikuwa imeshika rangi tayari. Vitunguu vilianza kuungua, na Hamduni hakuwahi kuunguza kitunguu maishani mwake.

Akavua aproni. Akaiweka kofia yake sawa, akatoka jikoni, akaenda moja kwa moja hadi barazani walikokaa Wazungu. Wankyo alimfuata hadi mlangoni, kwa kuwa alimjua Hamduni na alijua anakwenda kuacha nini kule.

"Memsahibu," akasema Hamduni, "naomba uje jikoni uonje divai."

Memsahibu akauliza kwa nini asionje mwenyewe.

"Sijawahi kuonja hata siku moja. Dini yangu hairuhusu. Aliyekuwa anaonja ni Wankyo, na ile nyama mnayoisifu ni ya ulimi wake. Sasa Wankyo haonji tena."

Meneja akamtazama juu hadi chini. "Na ulipokuwa unafumba macho na kijiko?"

"Nilikuwa najitia tu, Bwana."

Mgeni mpya akapasuka kwa kicheko, na dereva wake aliyekuwa akisubiri kivulini naye akacheka, na Wankyo akatamani ardhi impokee Hamduni haraka apumzike. Hamduni alisimama palepale, mikono pembeni, akakingoja kicheko kiishe. Katika sifa zote alizopewa mtu yule, nyingi zikiwa za kuazima, hii ndiyo ningempa mimi, kwamba alisimama pale.

Memsahibu hakucheka. Aliinuka, akaja jikoni, akashika kijiko. "Mlikuwa mnatafuta nini?" akamuuliza Wankyo, na ilikuwa mara ya kwanza amuulize jambo lisilohusu vyombo.

"Ile imelala, memsahibu. Ile haishiki ulimi."

Memsahibu akaonja ya kwanza, akaonja ya pili, akarudia ya kwanza, akaonja ya tatu. Akafikiri. Akaonyesha ya pili. Alikuwa na ulimi mzuri, kumbe, ila hakuna aliyewahi kumwita autumie. Nyama ikatoka laini, mchuzi wa rangi ya udongo wa mvua, na mezani walisifu sana. Walimsifu memsahibu. Hamduni alipeleka sahani na kuzirudisha, akizisikia sifa zikipita juu ya kichwa chake. Meneja mpya alisema habari ya mpishi atafikiria.

Jua halijashuka, dereva alikuwa ameshaimaliza hadithi sokoni. Waliomwita Hamduni fundi wa divai sasa walimpokea kwa kufumba macho na kunyanyua vijiko visivyokuwepo.

Jumapili asubuhi Wankyo alipanda lori la pamba linalokwenda Butiama. Akamkuta Hamduni ameshakaa juu ya magunia, kanzu imepigwa pasi.

"Baba Shani, unaenda wapi?"

"Kununua ulezi."

Jumapili, na kanzu ya Idi! Wankyo hakuuliza tena.

Kanisani palijaa. Lakini lori la jana jioni lilikuwa limetangulia na maneno, na maneno yakifika kijijini hayafiki jinsi yalivyoondoka. Wankyo aliposimama, minong'ono ikaanza kwenye mabenchi. Ndiye huyo. Ndiye anayewaonjea Wazungu pombe Bunda, miaka yote, nyuma ya mpishi. Waliosema ni wengine wa walewale wa siku ya uani, na Wankyo aliwatambua sauti zao.

"Umeonja tena tangu mwaka jana?" akauliza Mzee Nyamhanga.

"Kabla ya mvua nilionja. Tangu hapo sijaonja."

"Hata jana? Tunasikia jana kulikuwa na divai na wageni."

"Hata jana."

Nyamhanga akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyebeba kanisa zima mgongoni. "Dada, mimi nataka kukuamini. Lakini watu wanasema hivi na vile, na wewe unakaa mbali, hatukuoni. Nafikiri ungoje mwaka mmoja zaidi, maneno yapoe."

Wankyo aliinamisha kichwa. Alihisi uwanja ule wa mama mkwe umerudi chini ya miguu yake, na watu walewale wamenyamaza.

"Hodi," ikasema sauti mlangoni.

Vichwa vyote viligeuka. Hamduni alisimama nje ya kizingiti, kofia kichwani, makubazi mkononi, hakuingia.

"Mimi ndiye mpishi," akasema. "Jana aliinua kijiko anionjee, nikampokonya. Niliona kwa macho yangu, halikuingia hata tone. Na hiyo miaka ya nyuma, mdomo ulikuwa wake lakini haja ilikuwa yangu. Alionja ili mimi nisionje. Kama kuna dhambi ya divai ile, ni mimi niliyekuwa nainywa kwa mdomo wake. Ifuteni kwake, mniandikie mimi. Kwa Mungu nitajieleza mwenyewe."

Nyamhanga aliitazama ile kofia na kanzu. "Lakini wewe si wetu."

"Si wenu," akasema Hamduni. "Ndiyo maana sina faida ya kudanganya hapa."

Nyamhanga akayapitia mabenchi kwa macho, moja baada ya jingine, kama anayengoja mwenye neno aseme, na hakuna aliyesema. Kisha akamgeukia Wankyo.

"Vua viatu, dada," akasema. "Twende mtoni. Maji ni ya baridi asubuhi hii."

Wankyo alilia palepale, mbele ya watu wote, wala hakujificha uso. Waliteremka naye kijitoni wakiimba, kijiji kizima, na Hamduni akafuata nyuma yao amemshikia khanga yake kavu.